Chumba cha Ramani

Nyumbani, Jumapili, 16 Machi

Dada Colette mpendwa,

Pokea salamu zangu wewe, shemeji Paul na watoto, na unijibu kwa maandishi goti lako linaendeleaje, maana kwenye simu kila siku ni "nafuu" huku Paul anasikika nyuma akicheka. Sisi huku ni wazima. Theluji imebaki upande wa kaskazini wa mabanda tu. Odile ametimiza miezi minne, ana kilo sita na nusu, na amegundua masharubu ya Darrell. Huyavuta mpaka baba mtu anatokwa na machozi. Mama mkwe wangu, Mama Arlene, anakusalimu na anauliza kama bado unayo sufuria yake kubwa ya supu. Nimemwambia unayo.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, na hili linahitaji kusemwa kwa mpangilio. Unajua kwamba mwezi uliopita niliitwa mahakamani kuwa mwanajuri, na unajua sisi kumi na wawili tulimtia hatiani Wade Destree kwa kuchoma ghala la nyasi la Gary Massart. Kilichobaki ni adhabu. Alhamisi tarehe 3 Aprili Wade atasimama mbele ya jaji, na mwendesha mashtaka ameomba miaka minane. Zimebaki siku kumi na nane. Nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujafanya lolote.

Nianze na wito wenyewe. Wa kwanza ulikuja Oktoba, tumbo langu likiwa limeshafika kwenye usukani wa gari, nao wakaniahirishia bila maneno. Wa pili ulikuja Februari, Odile akiwa na miezi mitatu na anakataa chupa kama vile ndani kuna siki. Nilimpigia karani wa mahakama nikamweleza. Akaniambia kuahirisha ni mara moja tu na mimi mara yangu nimeshaitumia. Nikasema nanyonyesha. Akasema kunyonyesha si ugonjwa, mama, na sheria hakuitunga yeye. Mama Arlene alikuwa anasikiliza, akapaza sauti kutoka jikoni, "Mwambie basi aje amnyonyeshe yeye!" Karani akasikia, akacheka, na jibu likabaki lile lile.

Wiki mbili tulihangaika na chupa. Darrell alijaribu, akashindwa. Dada yake alijaribu, akatapikiwa. Mwishowe Odile alikubali kwa Mama Arlene peke yake, na kwa sharti kwamba avae joho langu la kuogea na akae ameligeuzia mgongo dirisha. Ndivyo ilivyo mpaka leo.

Jumanne tarehe 18 tulikuwa watu arobaini pale mahakamani, na wanajuri walitakiwa kumi na wawili. Jaji aliuliza nani anamfahamu Wade au Gary, mikono ikainuka kama darasa zima limeulizwa nani anataka kwenda nyumbani. Mimi sikuinua, kwa sababu sisi tuko kusini kabisa mwa kaunti na nyasi tunanunua kwingine. Alipouliza nani ana shida ya kukaa siku nne, nikasimama nikasema ni lazima nikamue maziwa kila baada ya saa tatu, la sivyo nitaumwa. Watu thelathini na tisa wakaanza kuchunguza buti zao. Jaji Hollis hakupepesa macho. Alisema amelea watatu, mapumziko nitapewa, na akamwagiza Bi Verna, mhudumu wa mahakama, anitafutie chumba chenye ufunguo na umeme. Karibu yangu alikaa Mzee Elroy Conard, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa tangu kabla mimi sijazaliwa. Akanong'ona, "Kila baada ya saa tatu? Wangu nawakamua mara mbili tu kwa siku. Lazima wanakulisha vizuri huko kwenu." Nilicheka. Nilikuwa na hofu tangu alfajiri, na kile ndicho kicheko cha kwanza.

Chumba nilichopewa kiko nyuma ya ukumbi wa mahakama. Ni cha ramani za zamani za mashamba, zimelala kwenye droo pana. Kuna kiti kimoja, swichi moja, na sakafuni wavu wa chuma unaopitisha hewa ya joto kutoka kwenye tanuru. Bi Verna alibandika karatasi mlangoni: MAZIWA. USIGUSE KITASA. Kila siku, saa nne na robo, saa sita, na saa tisa, nilikaa mle na pampu yangu, nikaweka chupa kwenye kijibegi chenye barafu, nikarudi kwa wenzangu.

Sasa kesi. Ghala liliungua tarehe 9 Agosti mchana, na marobota mia nne ya nyasi ndani. Wade alikuwa mume wa dada yake Gary, na ni Gary aliyemshauri dada yake aondoke. Hilo halikubishwa na mtu. Jirani alimwona Wade ng'ambo ya barabara, ameegemea gari lake, anatazama moto. Wade alisema alikuwa anapita, akasikia king'ora cha zimamoto tayari kinakuja, akasimama. Kwenye gari lake palikutwa dumu la petroli. Huku kwetu nani hana dumu la petroli? Mtaalamu wa moto alisema anadhani ulianzia karibu na mlango, lakini wakili wa utetezi alipombana alikiri kwamba hawezi kuondoa uwezekano wa nyasi kuwaka zenyewe. Zilifungwa tarehe 31 Julai, na Gary mwenyewe alikubali kwamba siku moja kabla mvua ilinyesha.

Wewe na mimi hatuhitaji mtaalamu kutuambia kwamba nyasi zikifungwa mbichi hupata joto ndani mpaka zikawaka. Tulikuwa tunamwona Baba kila kiangazi akichomeka nondo katikati ya marobota, anaiacha kidogo, anaichomoa na kuishika. Ikiwa ya moto, tulitoa nyasi nje hata kama ni Jumapili. Jumatano mchana, nilipokuwa nakula mkate wangu, nilikuwa nimeshaamua moyoni kwamba jambo hili halijathibitishwa. Huenda Wade aliwasha. Huenda hakuwasha. Kama ni hivyo, tuliapishwa tuseme hana hatia.

Saa tisa siku hiyo mawakili walimsogelea jaji, wakanong'onezana, kisha jaji akatuambia tutoke kwa sababu kuna jambo la kisheria la kuzungumzwa bila sisi. Wenzangu wakaenda kwenye chumba chetu kunywa kahawa. Mimi nikaenda kwenye chumba cha ramani, nikakaa dakika ishirini na tano. Juu ya dakika hizo nitaandika mbele kidogo. Nataka kwanza ujue nilichofanya.

Ijumaa asubuhi tulifungiwa tuamue. Joleen, dereva wa basi la shule, alileta keki mbili za ndizi, na kwa muda wa keki ya kwanza hakuna aliyetaja moto. Kisha tukapiga kura kwa vikaratasi. Kumi walisema ana hatia, wawili wakasema hana. Mzee Elroy hakuficha kwamba mmoja ni yeye. Joleen akasema wa pili ni yeye, na kama tuna la kusema tuseme. Mimi nilikuwa miongoni mwa wale kumi.

Uamuzi unatakiwa uwe wa wote. Kwa hiyo tukaanza. Mzee Elroy alieleza habari ya nyasi mbichi kwa utulivu, kama anayemfundisha kijana kazi. Kuna mwanamume mmoja wa mjini, muuza bima, akamwambia, "Mzee, nyasi haziwashi kiberiti." Elroy akamjibu, "Mwanangu, wewe nyasi umeziona wapi, kwenye uwanja wa gofu?" Kisha akanigeukia mimi, kwa sababu anamkumbuka Baba. Akasema, "Wewe ni binti wa Jeanquart. Waambie."

Nami nikawaambia. Nilisema ni kweli nyasi mbichi hupata moto, lakini huchukua wiki kadhaa. Nikasema Baba alikuwa akituambia kabla ya wiki mbili hakuna cha kuogopa. Nikahesabu kwa vidole, tangu tarehe 31 Julai mpaka tarehe 9 Agosti, siku tisa. Nikasema siku tisa ni mapema mno.

Najua hapa umeinua kichwa. Ndiyo, nalikumbuka ghala la Mjomba Felix. Liliungua siku ya nane baada ya nyasi kufungwa, na wewe ndiwe uliyemfungulia ndama mlango. Na Baba hakusema kamwe maneno yale ya wiki mbili. Nilikaa mezani nikayatunga, huku nikimtazama Mzee Elroy usoni.

Nilikwenda kukamua saa nne na robo na saa sita, na kila niliporudi nilikuta wananisubiri mimi nimalizie. Nilizungumza zaidi ya mtu yeyote. Nilieleza dumu la petroli, nikaeleza na kusimama kwake barabarani. Nilikuwa na jibu kwa kila swali, na watu wanampenda mtu mwenye majibu siku ya Ijumaa. Saa tisa sikwenda chumba cha ramani, kwa sababu niliona Joleen anaanza kuyumba na sikutaka kumwacha. Saa kumi kasorobo alisema sawa. Mimi kifua kilikuwa kigumu kama jiwe na blauzi imelowa pande zote mbili. Mzee Elroy aliona, akatazama dirishani. Kisha akasema, "Siku tisa. Mimi ningesema inawezekana, lakini wewe umekulia kwenye ghala na huna ugomvi na mtu. Na kuna mtoto anangoja. Haya, andikeni."

Tuliporudi ukumbini karani alituuliza mmoja mmoja, mbele ya Wade, kama uamuzi ule ni wake. Nilikuwa wa nne. Nikasema ndiyo. Mzee Elroy aliomba arudiwe swali, akasema ndiyo. Wade Destree alivua saa yake ya mkononi akampa kaka yake, wakamtoa kwa mlango wa pembeni. Nilifika nyumbani saa kumi na mbili kasorobo, nikamnyonyesha Odile, nikalala vizuri. Nataka ulijue hilo pia. Nililala vizuri siku ile na siku kumi na mbili zilizofuata.

Alhamisi tarehe 6 Machi gazeti la kaunti lilifika. Unakumbuka linavyosomwa hapa: kwanza safu ya mahakama, halafu vifo, halafu bei za ndama. Mama Arlene husoma kwa sauti mezani, na habari za mahakama huwa zimechelewa wiki mbili. Nilikuwa namnyonyesha Odile. Akasoma kwamba mtu mmoja wa kaskazini kabisa mwa kaunti alihukumiwa kwa kuchoma kibanda cha jirani yake cha kuvulia samaki juu ya ziwa lililoganda. Mwendesha mashtaka alimweleza jaji kwamba si mara yake ya kwanza, kwamba miaka sita iliyopita, katika kaunti nyingine, alichoma banda la mjomba wake kisha akasimama ng'ambo ya barabara akila tufaha mpaka paa likaanguka. Mama Arlene akashusha gazeti akasema, "Tufaha! Watu wana roho, jamani." Nikamwomba anisomee tena siku na saa. Jumatano, tarehe 19 Februari, saa tisa alasiri, katika mapumziko ya kesi ya ghala la Massart.

Colette, sasa hizo dakika ishirini na tano.

Siku ile jua liliwaka, tanuru likazimwa, na kwa mara ya kwanza wavu ule wa sakafuni ulikuwa kimya. Nilizima pampu ili nibadilishe chupa. Chini ya miguu yangu, kupitia bomba la hewa linalotoka ukumbini, nikasikia sauti ya mwendesha mashtaka, wazi, kama yuko nyuma ya kiti. Alikuwa anamwambia Jaji Hollis kwamba mshtakiwa huyu alishafanya hivi, kwamba alichoma banda la mjomba wake miaka sita iliyopita, akasimama ng'ambo ya barabara akila tufaha. Jina sikusikia. Sikulisubiri. Yule mwendesha mashtaka nilikuwa nimemsikiliza siku mbili, jaji ni yule yule, jambo ni moto, na mtu amesimama ng'ambo ya barabara. Na tulikuwa tumeambiwa wazi kwamba tunatolewa ili waseme yasiyotakiwa kutufikia. Nikajua, au nikaamini najua, kwamba Wade ni mchomaji wa siku nyingi na kwamba sheria inatuficha.

Nilitakiwa nitoke palepale nimwambie Bi Verna. Jaji alituagiza siku ya kwanza, kwa maneno mepesi: ukisikia lolote nje ya ukumbi, sema. Sikusema. Nilijiambia kesi itavunjika, watu kumi na wawili watakuwa wamepoteza siku nne, na yote kwa sababu ya mwanamke mmoja na pampu yake. Nilijiambia pia kwamba nikisema, hakuna mama mwingine atakayepewa chumba pale. Sababu hizo zilikuwepo, lakini haikuwa hofu hasa iliyonizuia. Nilifurahi. Nilikuwa sina uhakika, na uhakika ukanijia kwa miguu yake mwenyewe mpaka kwenye kiti. Nikawasha pampu tena. Na Ijumaa, kwa kuwa nisingeweza kuwaambia wenzangu nilichosikia, niliwatungia maneno ya marehemu Baba badala yake.

Baada ya gazeti nilimpigia Bi Verna. Nilimuuliza kama anayepiga soga tu jaji alifanya nini mapumziko yale. Akaniambia lile jambo la kisheria lilikuwa la dakika mbili, la shahidi aliyekwama kwenye barafu. Kisha jaji akaingiza kesi fupi, kama afanyavyo kila akipata nafasi, maana kaunti nzima ina jaji mmoja na mwendesha mashtaka mmoja. Akaniuliza mtoto hajambo. Nikasema hajambo.

Nilikaa na jambo hili siku tisa. Maziwa yamepungua. Daktari alisema huenda nina wasiwasi, nikamwambia amekisia sawa, hakuuliza zaidi. Nilimweleza Darrell tukiwa bandani. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Nani atajua, Renae? Ule wavu wa chuma ndio utaitwa kutoa ushahidi?" Baadaye akasema huenda Wade aliwasha kweli. Nikamwambia huenda. Hapo ndipo nilipokuwa Jumatano mchana na mkate wangu mkononi, na ndipo nilipopaswa kubaki. Mama Arlene nilimweleza pia. Alikosha chupa ambazo zilikuwa safi.

Jana asubuhi niliandika kwa Jaji Hollis, ukurasa mmoja na nusu. Nimeeleza nilikaa wapi, nilisikia nini, saa ngapi, na kwamba sikumwambia mtu. Nimeeleza kwamba maneno ya wiki mbili ni yangu, si ya Baba, na kwamba niliyasema ili Mzee Elroy Conard na Joleen wabadili kura. Nimeandika kwamba wao hawakujua chochote. Nimepeleka nakala kwa wakili wa Wade. Sijui litakalofuata. Huenda uamuzi utafutwa na kesi ianze upya. Huenda nitashtakiwa kwa kuidharau mahakama, na hilo lina adhabu yake. Huenda Mzee Elroy hatanisalimia tena, na hilo ndilo ninalolifikiria zaidi ninapotakiwa kufikiria mengine.

Kwa hiyo nina ombi. Njoo mapema, ikiwezekana Jumamosi ijayo, goti likiruhusu. Nikiitwa nitakwenda na Darrell, na sitajua kama nitarudi jioni hiyo. Mama Arlene hawezi kumbeba Odile siku nzima, ana mgongo. Itabidi umzoee mtoto kabla, na yeye akuzoee. Joho liko nyuma ya mlango wa bafu. Kaa umeligeuzia mgongo dirisha, usimwimbie, hapendi. Kwenye friza kuna maziwa ya siku tatu, nimeandika tarehe, anza na ya nyuma.

Msalimie Paul, mwambie samahani kwa kumchukulia mke. Wabusu watoto. Darrell anakusalimu, ingawa hajui nimeandika haya yote.

Barua ya jaji niliitia sandukuni jana saa tano, nikasubiri mpaka gari la posta likaja na kuichukua. Hii ya kwako nimeianza leo, makusudi. Ungeipata kabla, ungenipigia simu ukaniomba nisubiri kidogo, nami ningesubiri.

Ni mimi mdogo wako,
Renae

Njoo na sufuria.